Mbolea ya nyasi za nyumbani Mtwara na Lindi: tambua kwanza kama umejenga juu ya matumbawe au juu ya shamba la korosho

Mkazi wa Mangamba (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Kila mvua za Novemba zinapokaribia, maduka ya pembejeo hupata wateja wanaoulizia mbolea ya ukoka, na wengi wao huondoka na jibu moja: chukua SA (salfeti ya amonia), nyasi zitakuwa kijani. Jibu hilo ni sahihi kwa nyumba iliyoko Shangani na ni la hasara kwa nyumba iliyoko Mangamba, ingawa zote mbili zimo ndani ya manispaa moja. Wapo wenzetu wanaogharamia mbolea, maji na vibarua mwaka baada ya mwaka, na bado uwanja wao una mabaka ya manjano. Wanaambiwa hawajui kutunza bustani, wakati ukweli ni kwamba mbolea waliyouziwa haiendani na ardhi waliyojengea. Jambo hili linanikera, ndiyo maana nimeamua kuliandika kwa kirefu.

Kwa mtu anayetaka nyasi nzuri, ardhi ya huku kwetu ina sura mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya ukingo wa bahari, kama Shangani, Mikindani na sehemu za chini za mji wa Lindi, ambako ukichimba shimo la kupanda mti unagonga jiwe la matumbawe, na mchanga wenyewe umechanganyika na vipande vya makombe. Udongo huo una chokaa ya asili, na pH yake (kipimo cha uchachu, ambapo namba ikishuka chini ya 7 uchachu unaongezeka) mara nyingi huvuka 7.5. Ya pili ni kichanga chekundu cha maeneo ya ndani, kuanzia pembezoni mwa mji na kupanda hadi Uwanda wa Makonde kule Newala na Tandahimba, ambako viwanja vingi tunavyojenga leo vilikuwa mashamba ya korosho. Kichanga hicho kimeoshwa na mvua kwa muda mrefu, hakishiki virutubisho, na kwa asili yake kina uchachu. Juu ya uchachu huo wa asili kuna salfa ya unga, ambayo wakulima wamepuliza kwenye mikorosho kwa miongo kadhaa ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Salfa inayoanguka chini hufanyiwa kazi na bakteria wa udongo na kugeuka kuwa asidi. Watafiti wa korosho wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamelishughulikia suala hili, kwa sababu mashamba yaliyopulizwa salfa nyingi yameonekana kuongezeka uchachu.

Sasa mchukue mtu aliyenunua kiwanja ambacho kilikuwa shamba la korosho, akang'oa mikorosho, akapanda ukoka, kisha akashauriwa kuweka SA. Mbolea hiyo ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, na ni miongoni mwa mbolea zinazochachusha udongo kwa kasi kubwa kuliko zote. Kwa kiasi kilekile cha naitrojeni, huchachusha mara mbili hadi tatu kuliko Urea. Mwaka wa kwanza nyasi zitachangamka. Baada ya hapo mizizi itaanza kudumaa, kwa sababu pH ikishuka chini ya 5 madini ya alumini huyeyuka udongoni na kuichoma ncha ya mzizi, na fosforasi hung'ang'ania kwenye udongo isiweze kufyonzwa. Mwenye nyumba akiona manjano anaongeza SA nyingine, na hali inazidi kuharibika.

Mtu huyu anafaa kutumia CAN (kalsiamu amonia naitreti). Ina naitrojeni asilimia 26 au 27 kutegemea mtengenezaji, na chembe zake zimechanganywa na chokaa, hivyo haichachushi udongo kama SA. Kwa nyumba ya Shangani, SA ndiyo mbolea bora, kwa sababu uchachu wake hupunguza kidogo ukali wa chokaa kuzunguka mizizi na kuyafanya madini kama chuma na manganizi yafyonzeke.

Njia ya haraka ya kutofautisha haihitaji maabara. Chimba udongo wa kina cha kiganja, uanike hadi ukauke, uweke kijiko kimoja kwenye kisahani cheupe, kisha udondoshee siki. Sogeza sikio karibu. Udongo wa matumbawe utachemka na kutoa povu jembamba, na hata usipoona povu utasikia mlio kama wa soda iliyofunguliwa. Kichanga cha mikorosho hakitafanya lolote. Siki itadidimia tu na kuacha doa la unyevu. Kipimo hiki kinakuonyesha kama chokaa ipo au haipo, lakini hakikuambii udongo usio na chokaa umechacha kiasi gani. Ili kulijua hilo unahitaji kupima pH. Chota udongo wa kina cha sentimita 10 katika sehemu 10 hadi 15 za uwanja wako, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kuwekwa mbolea wala majivu, anika kivulini, kisha chukua nusu kilo uipeleke kupimwa. Afisa kilimo wa halmashauri yako au TARI Naliendele (kituo kilekile cha utafiti) watakuelekeza pa kuupeleka. Nyasi zetu nyingi huridhika na pH kati ya 5.5 na 7.

Kuhusu namba zilizo kwenye mfuko, ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi na ya tatu potasiamu, zote kwa asilimia ya uzito. Nyasi zilizokwisha kushika ardhi zinahitaji naitrojeni kuliko kitu kingine chochote, na potasiamu kwa kiasi, hasa kwenye kichanga ambako maji ya mvua huichukua. Fosforasi inahitajika zaidi wakati wa kupanda. Kwa hiyo anayenunua DAP, mbolea ya kupandia yenye 18-46-0, na kuimwaga juu ya ukoka wa miaka mitano ananunua fosforasi ambayo nyasi zake hazina haja nayo.

Kipimo ninachokipendekeza kwa udongo wetu ni gramu 2.5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mkupuo mmoja. Uwanja wa mita 10 kwa 10 utahitaji gramu 250 za naitrojeni halisi. Ukizidisha 250 kwa 100 kisha ukagawanya kwa namba ya kwanza ya mfuko, utapata gramu za mbolea unazotakiwa kupima: Urea yenye asilimia 46 ni takribani gramu 540, CAN ni kama gramu 960, SA ni kilo 1.2, na NPK (yenye virutubisho vyote vitatu) ya 17-17-17 ni karibu kilo moja na nusu. Tafadhali pimeni kwa mizani. Kopo moja linalobeba kilo moja ya SA halibebi kilo moja ya Urea, kwa kuwa Urea ni nyepesi kwa ujazo, na ukikadiria kwa macho utaunguza nyasi.

Wapo watakaosema kipimo hicho ni kidogo. Ni kidogo kwa makusudi, kwa sababu kichanga hakina uwezo wa kuhifadhi. Ukiweka nyingi kwa wakati mmoja, mvua kubwa ya Januari au Machi itaishusha naitrojeni chini ya mizizi, na kwa wanaoishi karibu na bahari au wenye visima vifupi, naitrojeni hiyo inaishia kwenye maji ya kunywa au kwenye miamba ya matumbawe, ambako hulisha mwani unaoyasonga matumbawe hai.

Karibuni tujadili.

Mama wa Shangani

Ndugu mleta mada, nakushukuru sana kwa maelezo haya. Nimefanya kipimo cha siki leo asubuhi na udongo wangu umechemka kama ulivyosema. Nyasi zangu ni zile za Pemba, zenye jani pana, na nimekuwa nikiziwekea Urea kila mvua zinaponyesha. Kinachonisumbua ni kwamba majani machanga yanatoka yakiwa ya manjano yenye mistari, ilhali majani ya zamani bado ni ya kijani. Fundi wa bustani ameniambia niongeze Urea. Je, nimsikilize? Niongeze pia kwamba namwagilia kwa maji ya kisima, ambayo yana chumvi kidogo.

Mkazi wa Mangamba (mleta mada)

Dada, usiongeze Urea. Maelezo uliyoyatoa yanatosha kuonyesha kwamba naitrojeni unayo.

Naitrojeni inapopungua, mmea huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi, hivyo manjano huanzia majani ya chini, na jani lote hupauka bila mistari. Madini ya chuma hayahamishiki namna hiyo. Yakikosekana, jani changa ndilo linaloumia kwanza, na mishipa yake hubaki ya kijani wakati nafasi zilizo kati ya mishipa zinageuka manjano, ndiyo maana unaona mistari. Udongo wako una chuma, lakini chokaa imekifunga.

Tiba ya haraka ni kupulizia majani. Pima gramu 60 za salfeti ya chuma, uiyeyushe kwenye bomba la mgongoni la lita 16, na upulizie eneo la mita za mraba 100 jioni wakati jua limepoa. Katika siku chache utaona jani limeanza kukolea. Funika au lowesha mapema vitofali vya pevingi na kuta zilizopakwa rangi, kwa sababu tone la dawa hiyo likikaukia juu ya saruji huacha doa la kutu lisilotoka kirahisi. Athari yake hudumu wiki chache tu, hivyo utarudia.

Tiba ya muda mrefu ni kuachana na Urea na kuhamia SA. Kwenye udongo wako Urea ina tatizo la pili. Ikilala juu ya udongo wenye chokaa, penye joto na unyevu kidogo, kimeng'enya kilichomo kwenye mabaki ya majani huigeuza kuwa gesi ya amonia, na sehemu kubwa ya fedha yako inapotelea hewani. Kama unayo Urea iliyobaki na hutaki kuitupa, itumie pale tu ambapo unaweza kumwagilia papo hapo maji ya milimita 10, yaani lita 10 kwa kila mita ya mraba. Kwa uwanja wa mita za mraba 100 hizo ni ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo ni heri kusubiri siku ya mvua ya kawaida isiyo ya gharika.

Kuhusu maji ya kisima, mbolea nyingi za viwandani ni chumvi, na zikiongezeka juu ya chumvi ya maji mzizi hushindwa kunywa hata kama udongo umelowa. Gawanya kipimo cha gramu 2.5 mara mbili, uweke nusu leo na nusu baada ya wiki tatu, na kila baada ya muda mwagilia kwa wingi mara moja ili chumvi ishuke chini, badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku. Mvua za masika zitakusaidia kwa hilo.

Fundi Bustani Lindi

Mimi nafanya kazi hii ya bustani mjini Lindi na ninakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini naona mleta mada amezipa nafasi kubwa mbolea za viwandani na kuiruka samadi. Kichanga chetu hakina kitu cha kushikilia hizo gramu 2.5. Ukiweka mboji kwanza, CAN ileile itakaa kwa wiki kadhaa. Bila mboji, mvua moja tu na kazi yako imekwisha.

Ninavyofanya mwanzoni mwa mvua ni hivi. Nakata nyasi fupi, natoboatoboa ardhi kwa uma wa bustani, kisha natandaza mboji iliyoiva na kuchekechwa kwa unene wa nusu sentimita, naisukuma kwa mgongo wa reki hadi ncha za majani zionekane tena. Kwa mita za mraba 100 unahitaji nusu mita ya ujazo, ambayo ni toroli nane hivi za lita 60. Nyasi hazifunikwi, na baada ya mvua chache huwezi kujua kuwa kuna kitu kilitandazwa.

Neno la kuzingatia ni "iliyoiva". Kinyesi cha kuku kikiwa kibichi kina amonia kali na kitaunguza majani. Samadi ya ng'ombe isiyopata joto la kutosha kwenye lundo inaleta mbegu za magugu, na ukinunua mchanganyiko uliochotwa kandokando ya zizi unaweza kujiletea ndago, ambayo ikishaingia kwenye ukoka hutaitoa kwa mkono, kwa sababu kila kiazi kinachobaki ardhini kinachipua upya. Lundo lenye afya lazima liwe la moto ndani, kiasi kwamba ukichomeka fimbo ya chuma na kuiacha kwa muda, ukiichomoa huwezi kuishika kwa raha. Ligeuzwe mara kadhaa, liachwe lipoe, na likiwa tayari liwe na harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua.

Mkazi wa Mangamba (mleta mada)

Fundi, nakubaliana nawe, na hoja yako ya kutandaza nusu sentimita inastahili kufuatwa na kila mwenye kichanga. Naongeza tahadhari moja tu kwa watu wa matumbawe: samadi pekee haitaondoa upungufu wa chuma kwa haraka, ingawa ikirudiwa kila mwaka itasaidia sana.

Ninapotofautiana kidogo nawe ni pale mtu anapodhani mboji inafuta haja ya mbolea ya viwandani. Ukoka unaokanyagwa na watoto kila siku unahitaji naitrojeni ya kupona haraka, na mboji huitoa polepole mno. Mwenye uwanja wa kutazamwa tu anaweza kuishi kwa mboji na majani anayoyakata.

Na hapo kwenye majani kuna jambo ambalo wengi wanalipuuza. Ukikata nyasi bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani, vipande vinavyoanguka ni vifupi, vinakauka na kuoza bila kuonekana, na vinarudisha karibu robo ya naitrojeni ambayo uwanja unaihitaji kwa mwaka. Vibarua wetu wamezoea kuzoa kila kitu na kukitupa jalalani. Waambieni waache. Ukoka ukatwe ubaki sentimita 3 hadi 4, na nyasi za Pemba zibaki 6 hadi 8, kwa sababu zikikatwa fupi zaidi mashina yake hubaki wazi na hakuna mbolea itakayozifunika.

Mstaafu wa Newala

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini. Nyumba yangu imezungukwa na mikorosho, udongo ni mwekundu, na nyasi zangu zinastawi jua linapopiga lakini chini ya miti ni dhaifu. Nina maswali matatu. Naweza kutumia chokaa ya kujengea kupunguza uchachu? Majivu ya jikoni yanafaa? Na maganda ya korosho pamoja na mabibo, ambavyo tunavyo kwa wingi msimu ukifika, vinaweza kuwa mboji ya nyasi?

Mkazi wa Mangamba (mleta mada)

Mzee wangu, shikamoo.

Chokaa ya kujengea usiiweke. Imechomwa, ni kali, na inaweza kuunguza nyasi na kupandisha pH kwa ghafla kuliko kichanga kinavyoweza kuhimili. Tafuta chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Kama vipimo vimeonyesha pH iko chini ya 5.5, kilo 10 hadi 15 kwa mita za mraba 100 zinatosha kwa mwaka, kisha upime tena kabla ya kurudia. Iwekwe mwanzoni mwa mvua ili ishuke.

Majivu ya kuni yanafaa, na kwa kichanga chako yana faida mbili, kwa kuwa yanapunguza uchachu na yanaleta potasiamu. Kilo 5 kwa mita za mraba 100 kwa mwaka zinatosha, yakichekechwa na kutandazwa majani yakiwa makavu. Yasiwe na mabaki ya plastiki wala mkaa. Watu wa Shangani na Mikindani wasiyatumie kabisa, maana chokaa wanayo ya kutosha.

Chokaa au majivu visikutane na SA, CAN wala Urea siku moja. Mchanganyiko huo hutoa amonia, utaisikia puani, na harufu hiyo ni naitrojeni yako inayoondoka. Acha wiki mbili au tatu zipite katikati, na mvua inyeshe.

Maganda ya korosho yaache. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda ndiyo yale yanayochubua mikono ya wabanguaji, na yanazuia vijidudu vinavyoozesha mboji kufanya kazi. Mabibo ni habari nyingine. Yana maji mengi na uchachu, hivyo yachanganye na majani makavu na samadi, safu kwa safu, uyafunike udongo ili nzi wasijae, na yatageuka mboji nzuri kwa msimu ujao wa mvua.

Kuhusu kivuli, nyasi zilizo chini ya mkorosho zinapata mwanga mdogo, hivyo haziwezi kuitumia naitrojeni unayozipa. Ukizilazimisha hutoa majani marefu, mororo, yanayoshambuliwa na magonjwa. Zipe nusu ya kipimo cha sehemu ya jua, punguza matawi ya chini, na kama bado hazishiki badilisha ukoka upande nyasi za Pemba, ambazo huvumilia kivuli vizuri zaidi.

Kijana wa Chikongola

Nashukuru kwa elimu. Jirani yangu ana mbuzi wanaozurura, na nasikia mbolea inaweza kuwaua. Ni kweli? Na je, naweza kununua mbolea ya ruzuku kwa ajili ya nyasi?

Fundi Bustani Lindi

Ni kweli kabisa, na ninaomba watu walichukulie kwa uzito. Mbuzi au ng'ombe akila Urea kwa wingi, au akinywa maji ambayo imeyeyushwa ndani yake, amonia hujaa tumboni na kuingia kwenye damu, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Usiache ndoo ya mbolea iliyoyeyushwa uani hata kwa muda wa kwenda kufungua geti. Mfuko uliofunguliwa uhifadhi ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, juu ya mbao, ndani ya stoo inayofungwa. Unyevu wa pwani huiyeyusha Urea na CAN na kuzifanya mabonge, na mabonge hayo ukiyarusha hivyohivyo kila moja litaacha duara lililoungua. Tena usizichanganye Urea na CAN kwenye chombo kimoja, kwani zikikutana hunyonya unyevu kwa kasi na kugeuka uji.

Baada ya kumwaga mbolea, mwagilia mpaka chembe zisionekane juu ya majani, na mifugo isiingie hadi mvua moja nzuri inyeshe.

Mkazi wa Mangamba (mleta mada)

Kwa swali la pili, mbolea ya ruzuku ni ya wakulima waliosajiliwa kwa ajili ya mashamba yao ya mazao. Tuwaachie. Uwanja wa mita za mraba 100 unatumia kilo chache kwa mwaka, na kilo hizo hazimshindi mtu aliyejenga nyumba. Ukipimiwa kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa, omba uuone mfuko wenyewe na usome namba zake, kwa sababu SA na chumvi ya mawe iliyosagwa zikiwa kwenye mfuko mweupe wa plastiki hutazitofautisha kwa macho.

Mgeni Mitwero

Mimi nimehamia karibuni na bado sijapanda. Udongo wangu haukuchemka kwa siki. Nianzeje, na mbolea niigawe vipi kwa mwaka mzima, ikizingatiwa kuwa huku mvua ni msimu mmoja tu?

Mkazi wa Mangamba (mleta mada)

Karibu sana Lindi. Kwa kuwa hujapanda, una nafasi ambayo sisi wengine hatunayo, yaani kuweka vitu chini kabla ya nyasi kuziba ardhi. Sasa hivi, kabla ya mvua, pima pH na uweke chokaa ya kilimo kama inahitajika. Mvua zikishaanza na kukaa, tandaza mboji ya sentimita 5, uichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 15, pamoja na DAP kilo 1.1 kwa mita za mraba 100. Fosforasi haitembei udongoni, kwa hiyo hii ndiyo fursa pekee ya kuifikisha kwenye mizizi. Panda vipando vya ukoka kwa mistari, umwagilie, na usiguse mbolea nyingine mpaka vianze kutambaa.

Wakati wa kumwaga, gawanya mbolea uliyoipima mafungu mawili sawa. Fungu la kwanza limwage ukitembea kutoka mashariki kwenda magharibi, la pili ukitembea kaskazini kwenda kusini, ili pale ulipoacha pengo mara ya kwanza pafikiwe mara ya pili. Majani yawe makavu ili chembe zidondoke chini, kisha ndipo umwagilie.

Kwa ratiba ya mwaka, msimu wetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Usikimbilie mvua ya kwanza, kwa sababu mara nyingi hufuatwa na jua kali la siku kadhaa. Subiri hadi nyasi zianze kuchipua zenyewe, kisha uweke CAN ya kwanza. Weka ya pili Januari. Februari huwa na kipindi cha mvua kupungua, na kama huna maji ya kumwagilia ruka mwezi huo. Ya tatu iende Machi. Mwishoni mwa Aprili, wakati ardhi bado ina unyevu, weka NPK yenye potasiamu, kwani potasiamu husaidia mmea kudhibiti maji yake, na nyasi zikiingia kiangazi zikiwa nayo ya kutosha hustahimili upepo wa kusi na jua la Septemba vizuri zaidi.

Kuanzia Juni hadi Oktoba, asiyemwagilia asiweke naitrojeni kabisa. Ukoka utapauka na kuonekana kama umekufa, lakini mashina yake ya chini yako hai, na yatachipua mvua ikirudi. Anayemwagilia aendelee kwa nusu ya kipimo kila baada ya wiki nane. Ukiona mabaka makavu yanayong'oka kwa urahisi katika miezi hiyo, chunguza mchwa kwanza kabla ya kufungua mfuko wowote.

Ukishapima pH, lete majibu hapa pamoja na ukubwa wa eneo lako, tukusaidie kukokotoa kiasi cha chokaa.